Sifuri si Pengo

Mwezi uliopita niliamka nikakuta ujumbe kwenye simu kutoka Marekani. Aliyeuandika ni binti wa mwalimu wetu wa kompyuta. Habari ilikuwa fupi: baba yake amefariki nyumbani, mke, watoto na wajukuu wakiwa karibu naye. Waliosoma naye hapa Kakuma watamkumbuka. Ni yule mzee mrefu aliyemwambia kila mtu "jambo" hata mara ya kumi kwa siku moja, na kofia yake ya besiboli haikutoka kichwani. Maisha yake yote ya kazi aliandika programu za kompyuta za mishahara, na alipostaafu akaja kujitolea kwetu. Sisi tulimwita Mwalimu Namba.

Siandiki kumsifu tu. Alituachia swali, na tangu siku ile ya ujumbe haliniachi: je, kumhesabu mtu ni kumkumbuka, au ni njia ya kumsahau?

Sisi wa kambini swali hili tunalijua mwilini. Tumehesabiwa mpakani, tumehesabiwa kwa vidole, tumepanga mstari juani ili mashine ikubali kwamba mimi ni mimi. Ukiingia ofisini, namba inaulizwa kabla ya jina. Kuna siku unaona kama vile namba ndiyo iliyokimbia vita, na wewe umeifuata tu. Bibi yangu kule Fizi hakukubali mtu ahesabu watoto wake kwa kuwanyoshea kidole. Alisema mtoto si mbuzi. Na mzee mmoja wa kanisa letu hutukumbusha kwamba hata mfalme Daudi alipowahesabu watu wake, alileta msiba. Kwa hiyo Mwalimu alipotuambia kwamba baada ya familia yake kitu anachokipenda zaidi duniani ni takwimu za besiboli, tulicheka. Mtu anapendaje namba, bwana?

Akatueleza. Besiboli ni mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo. Katika karne ya 19 mwandishi wa habari mmoja, Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani akiwa mtoto, alifanya kazi kubwa ya kueneza jedwali la mchezo magazetini. Kila mchezaji ana mstari wake. Alipiga mara ngapi, alifika mara ngapi, alikosea mara ngapi. Ndiyo, hata kosa linaandikwa. Mwaka 1969 mistari hiyo ilikusanywa kwa msaada wa kompyuta na kuchapishwa na Macmillan katika kitabu kimoja kinene. Mwalimu alikuwa ameanza zamani zaidi, akiwa mtoto, yeye na baba yake, redio katikati yao na daftari magotini.

Mchezaji aliyempenda kuliko wote hakuwa hodari. Aliitwa Archibald Graham. Tarehe 29 Juni 1905 aliingizwa uwanjani na timu ya New York Giants mchezo ukielekea mwisho, na mchezo ukaisha kabla zamu yake ya kupiga haijafika. Hakucheza tena ligi kuu. Akawa daktari katika mji mdogo wa Chisholm, jimbo la Minnesota, akatibu watu huko miaka mingi, akafa mwaka 1965. Lakini mstari wake upo: mchezo 1, kupiga 0.

"Sifuri hiyo ni heshima," Mwalimu alisema, nami nikatafsiri darasa zima likinitazama kama nimekosea.

Ndipo akatufundisha somo ambalo mpaka leo ninalitumia kazini. Kwenye kompyuta, sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja. Mfanyakazi mwenye saa sifuri ni mtu tuliyemuuliza, tukajua kwamba wiki ile hakufanya kazi. Mwenye nafasi tupu ni mtu ambaye hatukumuuliza kabisa. Programu ikivichanganya hivyo viwili, kuna mtu atakayedhulumiwa.

Kisha akatusimulia habari za Josh Gibson. Zamani Marekani wachezaji Weusi walifungiwa nje ya ligi kuu, wakacheza katika ligi zao wenyewe. Gibson alikuwa mpigaji wa kutisha. Alikufa Januari 1947, akiwa na miaka 35. Mwezi wa Aprili mwaka uleule Jackie Robinson akaingia ligi kuu na mlango ukafunguka. Kwa miaka mingi kumbukumbu rasmi za ligi kuu hazikuwa na mstari wa Gibson. Yeye hakupewa hata sifuri, alikuwa pengo. Watafiti na wapenzi wa mchezo wakapekua magazeti ya zamani, mchezo kwa mchezo. Desemba 2020 ligi kuu ikatangaza kwamba ligi za Weusi za miaka ya 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 zikaingizwa. Ikaonekana kwamba Gibson, kwa wastani wa kupiga wa .372, yaani kufaulu mara 372 kati ya kila 1,000, amempita Ty Cobb mwenye .367. Marehemu hakuongezewa hata pumzi moja. Lakini uongo uliokuwa ukisimama mahali pake ulitolewa.

Sasa niseme kwa nini habari za mchezo nisiowahi kuucheza zilininyima usingizi.

Tulipofika kuandikishwa nilikuwa na miaka 13. Tulisimama mbele ya meza: baba, mama, mimi na dada zangu wawili. Mdogo wetu wa kiume, mwenye miaka sita, tulikuwa tumemzika njiani, homa ilimchukua kabla ya mpaka. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, picha hakuwa nayo. Yule aliyekuwa akiandika akauliza, "Mko wangapi?" Mama akajibu, "Tuko sita." Akatuhesabu kwa kalamu. "Mbona naona watano?" Baba akanyamaza. Nami, kwa hofu tusionekane waongo, nikasema, "Mama amekosea hesabu." Yule mtu akamwambia mwenzake kwamba hawa wameshaanza kutafuta chakula cha ziada. Wakacheka kidogo, wakaandika watano. Mama hajawahi kumtaja mtoto yule tena mbele ya meza yoyote.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilisema kweli. Waliosimama pale walikuwa watano, hilo halina ubishi. Lakini mama hakuulizwa "mmesimama wangapi". Aliulizwa "mko wangapi", na akajibu kama mama. Kweli zilikuwa mbili, na mimi nilichagua ile iliyotusaidia kupita, nikaiita nyingine kosa. Simlaumu sana aliyeandika. Fomu yake ilikuwa ya mgao, na marehemu hali unga. Kosa langu ni kumpa mama jina la mtu asiyejua kuhesabu.

Darasani Mwalimu alitupa zoezi la kutengeneza jedwali la familia: jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali. Nikaandika mistari mitano. Akapita nyuma yangu akauliza, "Hii ndiyo familia yote?" Hakuwa na maana kubwa, nadhani. Wenzangu walipotoka nikamweleza. Hakunipa maneno ya pole. Alivua ile kofia, akavuta kiti, akauliza mtoto alizaliwa mwaka gani na alipenda nini. Nikamwambia alipenda kuhesabu malori, na akifika nne anaruka mpaka saba. Mwalimu akacheka mpaka akafuta macho. Tukaongeza mstari wa sita. Miaka ya shule: 0. Siku za kambini: 0. Jina limeandikwa mahali pake. Hapa mama ameniomba nisilitoe.

Najua namba haimalizi mtu. Mstari wa Graham hauelezi wagonjwa wake, wala mstari wa mdogo wangu hauna sauti yake. Bibi alisema kweli, mtoto si mbuzi. Lakini naona kosa haliko katika kuhesabu. Kosa ni kuhesabu ili tumalizane na mtu, hesabu ikishafungwa hatuulizi tena. Mwalimu alihesabu ili awe na mahali pa kurudi. Binti yake ameniandikia kwamba katika madaftari ya baba yake amekuta karatasi ya mchezo mmoja aliocheza yeye akiwa na miaka minane. Alikuwa mbaya sana, mstari wake wote ni sifuri, na baba aliutunza zaidi ya miaka thelathini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Nyinyi ndugu mnaokaa upande wa pili wa meza, mkishajaza fomu, kama kuna dakika, ulizeni: "Na wengine?" Si kwa ajili ya mgao. Nasi wenyewe, tuchukue hata daftari la shule tuandike wale ambao hakuna ofisi iliyowauliza. Tusisubiri wazee wetu waondoke nao.

Ile karatasi niliichapisha nikampelekea mama. Hajui kusoma, nikamwonyesha kwa kidole: huyu baba, huyu wewe, huyu mimi, hawa dada zangu, na huyu wa mwisho. Akaitazama muda mrefu.

"Mbona mumemutia ku mwisho?" akaniuliza. "Huyu ni wa tatu."

Nikarudi darasani siku hiyohiyo kuirekebisha.