Mkono wa Kulipwa

Mwaka jana anko wangu mmoja aliandika kwenye grupu ya familia: "Umeenda majuu kuogesha mama za wenyewe, na wako anaogeshwa na mgeni." Hakuna aliyemjibu. Watu walisoma, wakanyamaza, kisha mtu akatuma picha ya kututakia Jumapili njema.

Aliposema "wako" alimaanisha shosho, kule Othaya. Ndiye aliyenilea. Mimi wakati huo nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za nyuma za nyumba moja karibu na Denver, Colorado, nikisubiri zamu ianze. Mbele yangu kulikuwa na kibustani ambacho hakikuwa kwenye orodha ya kazi zangu, lakini kila siku nilikuwa nikikimwagilia maji.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Kampuni inanituma kwa nyumba ya mtu na karatasi: dawa saa mbili, kuoga, chakula, shuka, andika kila kitu. Nalipwa kwa saa. Mama niliyepangiwa mwaka jana magoti yake yalikuwa yamekwisha, na kumbukumbu zake zilipotea na kurudi kama stima mtaani. Siku nzuri aliniita mtoto wangu. Siku mbaya aliniita kwa jina la binti yake. Lakini kuhusu maua yake hakukosea hata siku moja.

Maua yenyewe yanaitwa kolambaini. Najua wengi wetu jina hilo tulilisikia kwanza kupitia ile shule ya huko huko Colorado, mauaji ya mwaka 1999. Kumbe ua lilikuwepo kabla. Jina linatokana na neno la Kilatini la njiwa, kwa sababu ukiligeuza ua juu chini unaona kama njiwa watano wameinamia chombo kimoja. La Colorado lina buluu kwa nje na nyeupe katikati, na nyuma lina mikia mitano mirefu, asali ikiwa imefichwa kwenye ncha, mahali ambapo nondo mwenye ulimi mrefu anafika. Ndilo ua rasmi la jimbo. Tangu 1925 kuna sheria: kwenye ardhi ya umma huruhusiwi kuling'oa, na ukichuma usizidishe maua 25 kwa siku.

Nilimtumia shosho picha. Akauliza swali moja: "Na yanaliwa?" Nikamwambia hapana, mbegu zake hata zina sumu. "Sasa unayalimia nini?"

Sikuwa na jibu. Nalimia mtu mwingine, kwa shamba la mtu mwingine, kitu kisicholiwa, na hiyo dakika kumi na tano ya maji hakuna anayeiandika.

Wacha nirudi kwa anko, maana chini ya matusi yake kuna swali la maana: matunzo yanayolipiwa ni matunzo kweli, au ni kuigiza tu kwa saa?

Jibu la haraka ni kwamba upendo haununuliwi. Linasikika vizuri, lakini angalia nani huambiwa hivyo. Madaktari wetu walipogoma siku 100 kati ya 2016 na 2017, wengi waliuliza kama kweli wana utu. Walimu wakidai nyongeza, wanaambiwa kazi yao ni wito. Ukikubali kwamba anayejali kweli hafikirii pesa, kesho utamfanya anayejali sana ndiye alipwe kidogo zaidi. Wahenga hawakuwa na haya kuhusu jambo hili: mkono mtupu haulambwi. Kodi yangu hailipwi kwa wito.

Lakini pia siwezi kusema mshahara unatosha. Nimefanya kazi na watu wanaoandika "ameoga" na mzee bado ana nguo za jana. Saa zao na zangu zinalipwa sawa. Kwa hivyo kuna kitu kwenye kazi hii ambacho karatasi haikioni, na mimi nilianza kukielewa kule bustanini.

Kolambaini haitaki mambo mengi. Inataka kivuli kidogo mchana, udongo wenye unyevu lakini usiotuamisha maji. Mzizi wake unaenda chini moja kwa moja, kwa hivyo ukiuhamisha mmea mkubwa unaweza kuupoteza. Wiki zangu za kwanza niliona majani yana michoro myeupe, kama mtu ameyachora na kalamu. Nilidhani mmea unakufa, nikakimbia kumwambia. Alicheka. Ni kijidudu kinachochimba ndani ya jani, akasema. Kata hayo majani, tupa, mengine yatakuja. Na kweli yakaja. Muda wote mmea ulikuwa mzima. Mimi ndiye nilikuwa sijaujua.

Mwezi wa saba mambo yakageuka. Asubuhi moja yule mama aliamka mkali, akarusha kikombe, akaniambia niondoke nyumbani kwake. Msimamizi wangu akasema kwa simu kwamba ndivyo ugonjwa wa kusahau unavyoendelea, nizoee. Lakini mimi nilikuwa nimekaa naye miezi mitano. Kusahau kwake nilikujua. Kulikuwa kwa polepole, kwa adabu hata. Hii ilikuwa kitu kingine. Nikasisitiza apimwe. Ilikuwa maambukizi ya mkojo, ambayo kwa wazee huweza kuvuruga akili ghafla. Alipewa dawa, na baada ya siku chache akaniuliza kama nimemwagilia.

Hakuna aliyenilipa kwa kujua hivyo. Lakini pia, kama nisingelipwa, nisingekuwa pale miezi mitano nikijifunza. Mshahara ulinifikisha mlangoni na kuniweka pale. Kumtazama mtu hadi umjue, hiyo ilikuwa juu yangu. Kwa hivyo swali la anko limekaa upande. Pesa na kujali si maji na mafuta. Vinaweza kukaa chungu kimoja, ila kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine.

Mwezi wa tisa maganda ya mbegu yalikauka. Mbegu ni nyeusi, zinang'aa, na ukitikisa ganda zinalia. Akataka tuzimwage pale pale, juu ya udongo bila kuzifukia, maana zinataka mwanga, na baridi ya miezi kadhaa ndiyo huziamsha. Nikamuuliza zitatoa maua lini.

"Si mwaka ujao. Ule mwingine."

Akaniambia pia kwamba zikichanganyika na za jirani, hazitafanana na hizi. Tulizimwaga hivyo hivyo, yeye kwenye kiti cha magurudumu akinyoosha kidole, mimi nimepiga magoti. Mwezi wa kumi watoto wake walimhamishia kwenye makao ya wazee, na kampuni ikanipa mzee mwingine. Ile nyumba sina ruhusa ya kuingia tena.

Usiku ule nilifikiria kuhusu yule mgeni wa anko. Kuna dada anayekaa na shosho. Namtumia pesa kwa M-Pesa kila tarehe moja, na sijawahi kuchelewa, jambo ambalo nilikuwa nikijivunia. Nikapiga hesabu. Ninachomlipa kwa mwezi mzima mimi nakipata kwa saa nne.

Mwaka 2000 msomi mmoja wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kuhusu hali hii na kuiita mnyororo wa matunzo: mwanamke anaacha wake nyumbani kwenda kutunza wa wengine ng'ambo, analipa mwingine amshikie nafasi, na huyo naye ameacha wake mahali. Nilikuwa nimeisoma chuoni na kupita mtihani. Sikujua nilikuwa nasoma kuhusu nyumba yetu.

Nikampigia. Mara ya kwanza kumpigia yeye, si kumwambia ampe shosho simu. Nilimuuliza shosho anaendeleaje, na kwa dakika ishirini yule dada akaniambia mambo ambayo mimi, niliyelelewa na huyo mwanamke, sikuyajua. Kwamba halalii tena upande wa kushoto kwa sababu ya bega. Kwamba akinyamaza baada ya chai, amechoka tu, lakini akinyamaza kabla ya chai, kuna kitu kinamuuma.

Nimemwongeza mshahara. Si kwa kiwango kinachostahili, nisijifanye mtakatifu. Ni kile nilichoweza bila kukosa kodi. Na sidhani nimemaliza deni. Pesa inalipa saa zake. Hilo la chai sijui linalipwa na nini, labda tu na mimi kukubali kwamba ni yeye anayemtunza shosho, si mimi kupitia kwake.

Anko bado sijamjibu. Ningemjibu, ningemwambia kwamba shosho haogeshwi na mgeni. Mgeni kwa sasa ni mimi.

Kabla hatujakata simu nilimuuliza yule dada kuhusu kwao. Ana mama Bungoma, miguu inamsumbua.

"Na yeye anatunzwa na nani?"

"Mdogo wangu. Aliacha shule kidogo."

"Analipwa?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Nani amlipe?"