Ulimi wa Karama na Ulimi wa Majivuno

Ndugu msomaji, wako wazazi huku Pongwe, kama walivyo kwingineko pwani, ambao huona uzito mtoto arudipo shuleni na kitabu cha hadithi ya kubuni. Huuliza: nchi isiyokuwapo yamfaa nini mtoto? Na hayo mafunzo ya mafumbo na ya kuwavuta watu kwa maneno, je, hayatamfanya laghai? Swali hili ni la haki wala halifai kupuuzwa, kwani ulimi ni amana na mja ataulizwa juu ya kila neno.

Basi natukitazame kitabu cha mtu wa kwetu. Shaaban bin Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, akazikwa Machui, si mbali na hapa Pongwe, alikitoa kitabu chake Kusadikika mwaka 1951. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, naye alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo hasemi kila kitu waziwazi. Akaiweka nchi yake angani, na watu wake akawapa majina ya tabia.

Katika nchi hiyo Karama ashtakiwa na Majivuno. Kosa lake nini? Kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Tazama, ewe msomaji, ufundi wa mshtaki: jambo la heri lapewa jina la hatari, na mwenye kulitetea aonekana adui kabla hajafungua kinywa. Karama naye hajibu matusi kwa matusi. Aomba asikilizwe, kisha asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini. Walivumilia taabu, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, na badala ya shukrani wakalipwa kifungo. Karama awawekea wasikilizaji habari moja baada ya moja, mpaka wao wenyewe waone dhuluma iliko.

Wote wawili wana ufasaha. Basi ubaya hauko katika ufasaha. Nabii Musa (a.s.), alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi wake, na ampe nduguye Harun awe msaidizi, kwa kuwa alikuwa fasaha kuliko yeye. Lau ufasaha ungekuwa haramu, Nabii asingeuomba. Lakini Firauni naye alikuwa na maneno: aliwaambia watu wake kuwa achelea Musa atawabadilishia dini yao na kueneza ufisadi katika nchi. Muuaji wa watoto akajifanya mlinzi wa dini! Ndiyo kazi ya Majivuno hiyo.

Ufundi huo hauna taifa. Mwingereza George Orwell alitoa hadithi yake ya wanyama mwaka 1945, na Fortunatus Kawegere akaifasiri kwa Kiswahili mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Humo wamo nguruwe watawala, na mmoja wao kazi yake ni kusema tu. Wenziwe wajitwaliapo maziwa na matofaa, yeye hueleza kuwa wala hawayapendi, wayala kwa faida ya wanyama wote. Kisha huuliza kama kuna amtakaye bwana wa zamani arudi. Nani atajibu ndiyo? Khofu yalifunika swali la nani amekula.

Hapa ndipo penye tofauti. Usemi wa haki humwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza, na ukiulizwa hutoa ushahidi. Usemi wa batili hukimbilia khofu ili swali lisiulizwe. Mtoto aliyefunzwa kupambanua haya mawili hatakuwa laghai. Bali atakuwa mgumu kulaghaiwa, na mfanyabiashara, na mwanasiasa, hata na mwenye kilemba asemaye asilolijua.

Lakini mwalimu naye ajihadhari. Akimwambia mwanafunzi, "Kusadikika ni serikali ya Mwingereza, andika hivyo upasi mtihani," amelifungua fumbo na kulizika papo hapo. Mwingereza aliondoka mwaka 1961. Je, Majivuno aliondoka naye? Mtoto na aulizwe amewahi kumsikia wapi, naye ajibu kwa dalili.

Na sisi wazazi tusidhani kuwa kesi hiyo husikilizwa angani tu. Mtoto aulizapo jambo kwa adabu, nasi tukamkemea kuwa hana heshima kwa sababu hatuna jawabu, tumekwisha keti katika kiti cha Majivuno. Adabu ni kuuliza kwa upole. Si kunyamaza mbele ya kosa.

Kisome, ewe msomaji, pamoja na wanao, baada ya Isha, na kila mjumbe mumjadili. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kusema haki, na masikio ya kuisikia hata itokapo kwa mdogo wetu. Amin.