Mlete Jikoni, Usimfukuze

"Toka jikoni, utaungua!" Kila jioni kauli hiyo inasikika majumbani mwetu, na huwa inatoka kwa mapenzi. Lakini tuulizane, mzazi mwenzangu: siku utakayokwama kwenye foleni, mtoto wako wa miaka kumi amerudi kutoka shule na njaa yake, unadhani atakaa amekunja mikono? Ataingia jikoni. Atalikuta jiko la gesi, jagi la umeme na blenda, na hakuna hata kimoja alichowahi kuonyeshwa. Atajifunza peke yake, tena kwa pupa.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hapo mimi nawapinga kidogo. Mpe, lakini mshike mkono.

Na wakati wenyewe ndio huu. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mitungi inaingia kwenye nyumba ambazo juzi tu zilikuwa na gunia la mkaa. Kaa la moto mtoto alikuwa analiona likiwa jekundu, akakaa mbali. Gesi haionekani. Kumwambia tu "usiguse" hakutoshi tena.

Anza na pua yake. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu. Ule uvundo tunaousikia umetiwa makusudi ili ikivuja tujue. Mweleze hivyo, uone atakavyokuuliza maswali! Kisha mpe la pili: gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutambaa chini sakafuni badala ya kupanda juu na kupotea. Ndiyo maana akisikia harufu hawashi kiberiti, hagusi swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Anafungua mlango, anatoka nje na wadogo zake, anaita mtu mzima. Mfanyishe zoezi hilo siku ambayo hakuna kilichovuja, mara moja, mara mbili, mpaka alifanye huku anacheka. Aliyeelewa sababu hasahau upesi kama aliyekaripiwa tu.

Sasa kuwasha. Njiti kwanza, gesi baadaye. Wangapi kati yetu tunafungua gesi, halafu ndipo tunaanza kupekua droo tukitafuta kiberiti? Na mtoto anatuangalia. Simama nyuma yake. Njiti iwake, aisogeze jikoni, ndipo azungushe kitufe taratibu. Jiko lisiposhika, anafunga, anasubiri gesi itawanyike, ndipo anajaribu tena. Na ule mtungi mdogo wenye jiko kichwani mwake, tafadhali, asisongee ugali hapo. Unayumba hata kwa mtu mzima.

Vya umeme havina maneno mengi. Mikono iwe mikavu. Blenda ichomolewe kwanza, ndipo kijiko kiingie kwenye visu. Jagi lijazwe likiwa nje ya umeme, lisipite mstari wake. Presha kuka ndiyo pekee ninayosema isubiri: maji kwenye sufuria ya kawaida huishia nyuzi 100 hivi, lakini ndani ya presha joto hukaribia 120, na anayelazimisha mfuniko kabla mvuke haujaisha anajiunguza uso. Hiyo aitazame tu kwa sasa, akiwa na wewe.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, hakuna maji! Wewe ndiye wa kufunga gesi na kufunika kwa mfuniko. Mtoto ajue tu kurudi nyuma na kupiga kelele. Akiungua, mkono uende kwenye maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Bomba likiwa limekauka, mmiminie kwa kopo. Bibi atakuja na dawa ya meno, atakuja na yai bichi. Mshukuru bibi, yai liweke pembeni likaangwe, mkono ubaki kwenye maji. Jeraha likiwa kubwa au limeshika usoni, nendeni hospitali.

Halafu usimwite binti peke yake huku kaka yake yuko sebuleni anangoja sahani. Naye ana tumbo, na iko siku atapanga chumba.

Usingoje likizo. Jumamosi hii, wa miaka mitano achambue mchele na kuosha nyanya. Wa minane amenye ndizi zilizochemshwa zikapoa, akoroge unga wa chapati za maji. Wa kumi na kuendelea, akiwa ametulia na wewe uko hapo hapo, apike mayai: nguo isiyopepea, awashe mwenyewe, mpini wa kikaango augeuzie ndani mdogo wake asiuvute, akaange, azime, kisha afunge gesi kwenye mtungi. Wewe vuta kigoda ukae karibu. Mkono uwe tayari, mdomo uwe kimya. Ataharibu kidogo, na utawashwa kumpokonya mwiko. Usimpokonye. Mayai yakizidi chumvi, kuleni hivyo hivyo, na Jumapili apike tena.