Je, Lundo la Vitambaa ni Akiba?

Katika vijiji na miji mingi ya Kivu, fundi wa kushona hufanya kazi barazani au katika chumba kidogo kando ya nyumba yake. Hapo pana mashini ya kushona, meza ya kukatia, makasi na pasi ya makaa. Nyuma ya mlango pana magunia. Yamejaa nini? Vipande vya vikwembe, kola za mashati ya zamani, vifungo visivyolingana, nyuzi zilizopauka. Kila mwaka lundo huongezeka, na nafasi ya kufanyia kazi hupungua. Fundi akiulizwa sababu, hujibu kwa methali: Akiba haiozi. Jibu hilo lina hekima, lakini yafaa lipimwe, maana hata methali njema yaweza kutumiwa vibaya.

Akiba ni nini? Ni kitu kilichowekwa kwa ajili ya haja inayojulikana, na mwenye kukiweka ajua kiko wapi. Mkulima atengaye mbegu za maharage kwa msimu ujao aweka akiba: ajua kiasi, ajua shamba, ajua mwezi wa kupanda. Lakini akirundika maharage pembeni, wadudu wakayatoboa naye hana habari, hakuweka akiba, aliyapoteza polepole. Tofauti haimo katika wingi wa vitu, bali katika kusudi.

Tena, je, ni kweli kwamba kitambaa hakiozi? Mchwa hula pamba. Viwavi vya nondo hula sufu. Unyevu huleta ukungu. Uzi uliokaa miaka mingi hupoteza nguvu, ukakatika mara kwa mara mashinini. Mpira wa kiunoni hulegea hata kabla ya kuvaliwa. Sindano hushika kutu, na sindano yenye kutu huharibu kitambaa kipya cha mteja. Basi kilichofungiwa ili kisipotee chapotea kwa sababu ya kufungiwa.

Liko jambo zito zaidi. Kikwembe huuzwa kwa kawaida yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu, na upana wake ni karibu mita 1 na sentimita 20. Mama anunua, apeleka kitambaa chote kwa fundi, ashonewa nguo zake. Kinabaki kipande cha nusu mita. Kipande hicho ni cha nani? Fundi husema: «Ni desturi, masalio ni ya fundi.» Ikiwa wote wawili wamepatana hivyo, hapana kosa. Lakini ikiwa mama hakujua kwamba kuna kilichobaki, hakupatana na mtu. Kunyamaza kwa asiyejua si kukubali. Nusu mita yatosha shati la mtoto mdogo. Na mama aliyeuza mihogo yake ili apate kikwembe amekosa shati hilo. Hakuna aliyemwibia usiku. Kipande kiliingia guniani tu, na siku zikapita.

Hiyo ndiyo hatari ya lundo: lafunika haki. Penye vitu vichache, mali ya mwingine huonekana mara moja. Penye magunia saba, hata fundi mwaminifu husahau lipi lake na lipi la mteja.

Kwa hiyo kupunguza vitu katika chumba cha kushonea si kazi ya fagio tu. Ni kazi ya haki, nayo ina utaratibu wake. Kwanza kurudisha: kila kipande ambacho mwenyewe anajulikana kipelekwe kwake. Pili kuhifadhi: kilicho na kazi kibaki, kikawekwe mahali pake. Tatu kugawa: kisicho na kazi hapa kiende kwa anayekihitaji. Asianze mtu na la tatu. Anayempa yatima kitambaa cha mjane hakutoa sadaka. Amemnyang'anya maskini mmoja ili amfurahishe mwingine. Lakini mali ikiwa yake kweli, neno la Mtakatifu Basili wa Kaisarea lamhusu. Katika karne ya 4 alifundisha kwamba nguo iliyofungwa sandukuni ni haki ya yule aliye uchi.

Mtu atasema: Fundi maskini hana budi kutunza hata kipande kidogo. Ni kweli, wala asitupe ovyo. Vipande vidogo hufaa kwa viraka na kwa mifuko ya ndani. Tena hufaa kwa mwanafunzi wa kushona, maana hujifunza mshono ulionyoka juu ya kipande kisicho na thamani. Magunia yakifungwa, mwanafunzi hukaa bure, au huharibu nguo ya mteja. Basi vipande hivyo viwekwe katika kikapu kimoja. Kikapu kikijaa, kisiingie kingine mpaka kimoja kitoke. Hapo methali yapata maana yake.

Asidharauliwe, hata hivyo, yule ambaye mkono wake hauachilii. Mashariki ya Kongo watu wengi wamekimbia vita tangu mwaka 1996, wakarudi na kukuta nyumba tupu. Aliyepoteza vyote huogopa kupoteza hata kifungo. Hofu hiyo ni ya haki. Ila na akumbuke: siku ya kukimbia, fundi hubeba mashini na makasi, magunia huachwa. Kesho yake haikulindwa na lundo, ililindwa na ufundi wake na majirani waliompokea.

Basi fundi na aanze Jumamosi moja, kwa gunia moja, wala asingoje siku ya nafasi kubwa. Kwa kila kitu kitokacho guniani na aulize maswali matatu: Ni cha nani? Kinangoja kazi gani? Ni nani anayekihitaji leo? Na akikuta kipande cha nusu mita cha mama fulani, asione haya kwamba miaka miwili imepita. Akikunje, akipeleke mlangoni kwake, na kumwambia: «Mama, hiki kilibaki. Ni chako.»