Ramadhani, Darsa ya 13: Mgongo Ukigoma Kuinama



Darsa ya leo ni ya wale ambao siku hizi hatuwaoni kwenye safu za Tarawehe. Si wavivu. Ni mgongo. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako, yanashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni kama moto. Ukisujudu, kunyanyuka ni mtihani. Ukiambiwa ukae kwenye kiti, unaona haya: watu watasemaje? Basi unabaki nyumbani, au unajilazimisha kusimama rakaa zote, kisha usiku hulali.

Hapa kwetu Ufipa maradhi haya si ajabu. Ramadhani imetukuta msimu wa mvua. Watu wanainama na jembe la mkono, wanafukia majani kwenye matuta ya ntumba, wanapanda maharage. Kina mama wana ndoo na kuni. Vijana wanabeba magunia ya mahindi. Mgongo ni huo huo mmoja, na si wa chuma.

Waarabu wanayaita maradhi haya irq an-nasaa. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Nabii Yaaqub, alayhis-salaam, aliyaugua mpaka akakosa usingizi, ndipo akaweka nadhiri ya kuacha chakula alichokipenda. Wafasiri wanalieleza hilo kwenye Aal Imran, aya ya 93. Jamani, kama Nabii aliumwa kiuno akakesha, wewe unaona haya ya nini?

Tuanze na sala. Swahaba Imran bin Huswayn alikuwa na maradhi ya bawasiri. Alipomuuliza Mtume (s.a.w.) asali vipi, alielekezwa asali kwa kusimama; akishindwa, kwa kukaa; akishindwa, kwa ubavu. Hadithi hiyo ameipokea Bukhari. Kwa hiyo katika faradhi, simama kadiri unavyoweza. Rukuu na sujudi zikikushinda, kaa uashirie kwa kichwa, na ishara ya sujudi iwe chini zaidi. Tarawehe ni sunna, mlango wake ni mpana zaidi. Na thawabu? Mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Kiti hakikupunguzii kitu.

Pili, tafuta tiba. Ibn Majah amepokea kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) aliyataja maradhi haya kwa jina na kuelekeza dawa: mafuta ya mkia wa kondoo, yayeyushwe, yanywewe kwa siku 3. Ibn al-Qayyim ameeleza kwamba tiba ile iliwahusu watu wa Hijazi na mazingira yao. Kwa hiyo usikimbilie kunywa mafuta, hasa kama una presha. Funzo letu ni kwamba ugonjwa huu una sababu na unatibiwa. Mara nyingi diski iliyo kati ya pingili za mgongo inakuwa imebana mzizi wa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa. Usilale kitandani kutwa nzima. Tembea taratibu, usinyanyue mizigo, na uende hospitali ya mkoa ukaelekezwe mazoezi.

Lakini mkojo ukikwama au ukitoka wenyewe, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu ikiishiwa nguvu, usisubiri Idi. Nenda siku hiyo hiyo. Na mgongo unaouma pamoja na homa za jioni na kukonda, ukapimwe kifua kikuu. Nacho huingia kwenye uti wa mgongo.

Tatu, funga. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo likiwa tupu, kwa hiyo usizimeze kiholela. Muulize daktari kama dozi inaweza kupangwa baada ya futari na daku. Akikuambia funga itakudhuru, fungua, utalipa ukipona. Ugonjwa usiotarajiwa kupona una fidia: kibaba kwa maskini kwa kila siku. Aya ya funga yenyewe, Al-Baqara 185, inasema Allah anatutakia wepesi. Kuukataa wepesi wake si uchamungu.

Neno la mwisho. Wazee wanasema jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi tuutupe kweli. Kiuno kikiuma, usianze kumhesabu bibi jirani. Utabaki na maumivu yako, na juu yake dhambi ya kumsingizia mtu, tena ukiwa umefunga.

Leo usiku viti vitakuwepo mwisho wa kila safu. Vijana, wapisheni wazee, na msimkodolee macho aliyekaa. Mwenye mgonjwa nyumbani amsomee darsa hii, kisha amshike mkono waje pamoja.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwapunguzie maumivu, na uzipokee sala zao wakiwa wamesimama, wamekaa au wamelala. Aamin.