Kuhesabu Mikia

Katika maisha yangu nimeua wanyama wengi, baadhi yao kwa ajili ya kitoweo na wengine kwa ajili ya kulinda shamba, na sidai kwamba nimeacha. Kwa hiyo usitegemee kupata hapa mahubiri dhidi ya bunduki. Ninachotaka kusimulia ni habari ya siku moja tu ya mwezi Mei 1985, ambayo kwa takriban miaka 40 imekataa kunitoka kichwani, pamoja na swali iliyoniachia: mtu akishakuwa na haki ya kuua, je, kuna kingine anachodaiwa?

Nilikuwa nimepelekwa Kanada kujifunza kilimo cha ngano. Nyakati hizo mashamba makubwa ya ngano ya Hanang yalikuwa yakiendeshwa kwa msaada wa nchi hiyo, na Watanzania kadhaa tulipata bahati ya kwenda kuona wenzetu wanavyolima. Mimi nilipangiwa kukaa kwa mkulima mmoja kusini mwa jimbo la Saskatchewan, si mbali sana na mji wa Swift Current. Nchi ile ni tambarare ajabu. Ukisimama mlangoni, utaliona vumbi la gari la mgeni muda mrefu kabla mgeni mwenyewe hajafika, na maji ya chai yanaweza kuchemka ukiwa bado unamngoja.

Katika uwanda huo anaishi mnyama mdogo ambaye wenyeji humwita gofa. Wataalamu husema jina hilo si lake hasa, kwa kuwa yeye ni jamaa ya kindi, ila kindi asiyepanda miti. Huchimba mashimo na kuishi ardhini. Katika vitabu anaitwa kwa jina la John Richardson, daktari na mtaalamu wa viumbe kutoka Scotland aliyepita nchi hizo mwanzoni mwa karne ya 19. Rangi yake ni ya majani makavu, na uzito wake mara nyingi haufiki hata nusu kilo. Ana desturi ya kusimama wima kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, kama mzee wa kanisa anayengoja sadaka ipite. Akiona hatari hupiga mluzi, na wenzake wote hutoweka mashimoni. Baridi ya huko ni kali, hivyo sehemu kubwa ya mwaka huipitisha usingizini chini ya ardhi. Dume mzima huamka karibu na mwezi Machi, na kufikia Juni au Julai amekwisha rudi kulala. Miezi ya kuliona jua kwake ni michache kuliko miezi ya giza.

Mwenyeji wangu alikuwa na sababu za kumchukia, na sababu hizo sikuziona kuwa za uongo wakati ule, wala sizioni hivyo sasa. Ngano ikichipua, gofa hula machipukizi kuanzia pembeni akielekea ndani, na huacha duara tupu kuzunguka kila shimo. Mafungu ya udongo anayotoa huharibu visu vya mashine za kukata majani, na kila mfugaji huhofia ng'ombe wake asije akatumbukiza mguu shimoni. Isitoshe, mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame na malisho yalikuwa yameliwa hadi kwenye mizizi. Hapo gofa hunufaika, maana hupenda majani mafupi yanayomwezesha kumwona adui kwa mbali. Mkulima yule alikuwa na deni la trekta. Sikuwa na haki ya kumfundisha huruma.

Basi, siku ya Jumamosi, wiki ya kwanza ya Mei, kabla ngano haijachipua, alinikabidhi bunduki ndogo ya risasi za .22 na kisanduku cha risasi 50, akaniambia nifuatane na mwanawe wa miaka 12 hadi malishoni. Kabla hatujaondoka alituonya kwa ukali: msifyatue mpaka mjue kilichoko nyuma ya shabaha. Risasi ile haifiki uzito wa gramu 3, lakini ikikosa inaweza kusafiri zaidi ya kilometa 1, na katika nchi isiyo na kilima hakuna cha kuizuia. Naliheshimu onyo lile hadi leo. Lilikuwa onyo la mtu anayejua kwamba risasi haina mwisho pale macho yako yanapoishia.

Tulilala kifudifudi juu ya tuta. Mimi nilikuwa nimewahi kushika bunduki jeshini, hivyo haikunipa taabu. Gofa wa kwanza aliposimama, nilimpiga akaanguka. Nilihisi uzito fulani moyoni. Wa pili, uzito ukapungua. Kufikia wa tano nilikuwa nikishindana na mtoto, na kufikia wa nane tulikuwa tukicheka. Sitaki kujipamba hapa. Ilikuwa furaha, tena furaha ya kweli: jua la vuguvugu baada ya baridi, harufu ya udongo, jicho na kidole kupatana. Anayesema kwamba kulenga hakuna utamu, ama hajawahi kulenga, ama anaficha.

Wa kumi na moja nilimpiga vibaya. Alipinduka, akajiburuta kwa miguu ya mbele huku ya nyuma ikiwa imekufa, akaingia shimoni. Mtoto akauliza, “Amekufa?”

Nikamjibu, “Amekufa.”

Kisha nikalenga mwingine.

Marehemu baba yangu alikuwa mwindaji wa upinde. Alikuwa na sheria moja ambayo alitufundisha sisi wanawe kabla ya kutufundisha kuvuta uzi: ukimchoma mnyama, yeye ni wako. Hata kama jua linatua, hata kama nyama yake huihitaji tena, utafuata damu mpaka umkute, umalize ulichoanza. Niliwahi kumwona akirudi nyumbani usiku wa manane kwa sababu ya swala mmoja mkondefu. Sheria hiyo niliijua vizuri kuliko sala zangu. Lakini siku ile katika uwanda wa Saskatchewan haikunijia hata kidogo. Kwa nini?

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na naona jibu limo katika neno. Swala wa baba aliitwa swala. Gofa yule, tangu nilipofika, sikusikia akiitwa mnyama, aliitwa mharibifu. Nao waharibifu hawauawi mmoja mmoja, hupunguzwa. Mtu hafuati damu ya kitu kinachopunguzwa. Anahesabu tu.

Na kweli, huko walihesabu. Mnamo Mei 1, 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, ngano ikihitajiwa kwa ajili ya majeshi, serikali ya Saskatchewan ilitangaza siku maalumu ya gofa na kuwatoa watoto wa shule wakaue. Siku ile waliuawa zaidi ya laki tano. Hesabu ilifanywa kwa mikia, na kwa miaka mingi katika nchi zile mkia wa gofa ulikuwa na bei, senti moja au zaidi, hivyo watoto wengi walipata fedha zao za kwanza kwa njia hiyo. Siwalaumu. Mtoto wa maskini akipewa senti kwa mkia, ataleta mikia.

Lakini mkia ni hesabu ya uongo, na hili nilikuja kulijua baadaye sana, niliposoma kazi za mtaalamu Gail Michener wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, huko Alberta, aliyewachunguza wanyama hao kwa miaka mingi. Majike huishi jirani na mama zao na dada zao. Huzaa kila mwaka mara moja, mnamo Aprili, watoto sita au saba na pengine zaidi, na watoto hao hukaa gizani chini ya ardhi kwa karibu mwezi mzima kabla ya kutoka. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikapiga hesabu upya. Wiki ya kwanza ya Mei. Kila jike tuliyemwangusha juu ya lile tuta aliacha shimoni watoto wasioweza kujilisha. Sisi tulihesabu kumi na mmoja jioni ile, na tulipongezwa mezani. Hesabu ya chini ya ardhi hakuna aliyeijua, na njaa ndiyo iliyoimaliza kazi yetu, taratibu, tukiwa tumelala.

Najua utaniambia: je, mkulima afanye nini? Aache shamba liliwe? Hapana. Tena nasema wazi kwamba kuna njia mbaya kuliko bunduki. Kwa miaka mingi wakulima wa huko walitumia sumu ya strikinini iliyochanganywa na nafaka. Mwenye kutega sumu hacheki wala hasikii utamu wa kulenga. Anarudi nyumbani akiwa na dhamiri tulivu. Lakini sumu ile huua kwa mitetemeko ya kutisha, na mnyama aliyekufa huliwa na wengine. Bundi wa mashimoni, ambaye hufanya kiota katika mashimo yaliyochimbwa na wengine, na mbweha mdogo wa uwandani ni miongoni mwa wale waliohofiwa kudhurika. Kwa ajili hiyo idara ya serikali ya Kanada inayosimamia madawa ya kilimo iliamua mwaka 2020 kuifuta sumu hiyo kwa matumizi ya gofa, na mwisho wa kuitumia ukawekwa Machi 2023. Wakulima wengi walilalamika, na hasara yao haikuwa ya kubuni. Hata risasi nayo ina mabaki: mwewe akila mzoga uliopigwa, humeza vipande vya madini ya risasi ambayo ni sumu mwilini mwake.

Kwa hiyo simlaumu mkulima kwa kuua, na hata ile furaha yetu siioni kuwa ndiyo kosa kubwa, ingawa siionei fahari. Kosa langu lilikuwa katika lile neno moja nililomjibu mtoto. Sikujua kama amekufa, nami sikutaka kujua. Haja ilikuwa imenipa haki ya kufyatua. Nikajichukulia na haki ya kutotazama, ambayo hakuna aliyenipa.

Nilirudi nyumbani, nikapelekwa Hanang. Huko nililikuta lile neno likiningoja. Mashamba yale ya ngano yalikuwa yamechukua malisho ya Wabarabaig, na mgogoro huo ulifikishwa mahakamani katika miaka hiyo ya 1980. Nilisikia ng'ombe walioingia ndani ya ngano wakiitwa waharibifu, na siku moja nilisikia neno hilohilo likipanda kutoka kwa ng'ombe hadi kwa wenye ng'ombe. Usinielewe vibaya: binadamu si gofa, na anayewalinganisha anawatukana. Ninacholinganisha ni jicho la anayetazama. Jicho lililozoea kutohesabu jambo moja hujifunza upesi kutohesabu la pili. Nilikaa katika kikao kile bila kusema neno, na nilipokuwa nimekaa nilimkumbuka gofa akijiburuta kuelekea shimoni.

Leo nina ekari chache za mahindi, na panya hawanipi nafasi. Nawatega. Lakini mitego hiyo naikagua mwenyewe alfajiri, wala simtumi mjukuu, na nikimkuta aliyenaswa mguu tu, namaliza mwenyewe. Wanangu huniambia kwamba ni upuuzi wa uzee. Labda. Panya wangu hawanishukuru, na mahindi hayaongezeki kwa hilo. Nafanya hivyo kwa sababu nimeona nilivyokuwa mwepesi kusema “amekufa” bila kwenda kuangalia.

Miaka michache iliyopita niliamua kumwandikia barua yule mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima na ndiye mwenye shamba. Nilimweleza kwamba nilimdanganya siku ile, nikamwomba radhi. Nilidhani atacheka, au hatakumbuka.

Alinijibu kwa barua fupi. Alisema alijua. Jioni ile, sisi tulipokuwa bado mezani, yeye alichukua koleo akarudi malishoni, akachimba mpaka giza likaingia. Hakumpata. Baba yake hakuambiwa, na mimi alinihurumia kunieleza kwa kuwa nilikuwa mgeni.

Barua hiyo ninayo. Nilijiona mtu mzima niliyefuatana na mtoto ili nimwangalie. Kumbe kazi iliyokuwa yangu, yeye ndiye aliyekwenda kuifanya.