Dawa Iliyohukumiwa Mara Mbili

Kijana anayejifunza kazi ya kulaza wagonjwa thieta hachelewi kuuliza: kwa mgonjwa wa moyo, dawa ipi ya usingizi ni bora? Kabla hajajibiwa, asimuliwe kisa cha isoflureni, gesi iliyowahi kuitwa mwizi, kisha mwokozi.

Mwaka 1983, Sebastian Reiz na wenzake nchini Sweden walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 21 wenye maradhi ya mishipa ya moyo, waliokuwa wakifanyiwa upasuaji mkubwa wa mishipa ya damu. Walipovuta isoflureni, baadhi yao walionyesha dalili za moyo kukosa damu. Maelezo yake yalivutia. Gesi hii hutanua vijishipa vidogo vya moyo, basi damu hukimbilia upande mzima, na upande ulioziba huporwa hata kile kidogo ulichokuwa nacho. "Wizi wa damu" ukaingia vitabuni. Wagonjwa 21 tu! Lakini hofu haihesabu vichwa, na wengi wakaanza kuikwepa.

Stephen Slogoff na Arthur Keats, wa Texas Heart Institute mjini Houston, waliona heri kupima kuliko kubishana. Wagonjwa 1,012 wa kupandikiziwa mishipa ya moyo waligawanywa kwa bahati nasibu: enflureni, halotheni, isoflureni au sufentanili. Majibu yalipotoka mwaka 1989, hakuna kundi lililopata nafuu kuliko jingine. Mwizi hakuonekana.

Ungedhani mjadala umekwisha. Miaka ya 1990 majaribio ya maabara yakaonyesha kwamba gesi hizo hizo huuandaa moyo kustahimili uhaba wa damu, na mikusanyo ya tafiti ndogondogo ikadai kwamba zinaokoa maisha. Safari hii ilihitajika kazi ya wagonjwa 5,400 katika nchi 13, iliyochapishwa mwaka 2019. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki walikuwa asilimia 2.8 kwa waliolazwa kwa gesi, na asilimia 3.0 kwa waliolazwa kwa dawa za kuchomwa mshipani peke yake. Mwokozi naye hakuonekana.

Kinachoudhi ni kwamba Slogoff na Keats walishaonyesha pa kutazama tangu 1985. Kwa wagonjwa 1,023, moyo ulielekea kukosa damu mapigo yalipokwenda mbio, si presha ilipopanda wala iliposhuka. Chumba cha kushoto cha moyo hupata damu yake hasa kinapopumzika kati ya pigo na pigo, na mapigo yakiharakishwa, kinachofupishwa zaidi ni mapumziko hayo. Katika uchunguzi huo kulikuwa na daktari wa usingizi aliyetambulishwa kwa namba tu, Namba 7, ambaye mioyo ya wagonjwa wake ilikwenda mbio na kukosa damu zaidi kuliko ya wagonjwa wa wenzake.

Sisemi jina la dawa halina maana. Ketamini, tegemeo la hospitali nyingi za wilaya kwetu, huharakisha mapigo, na kwa mgonjwa wa namna hii hilo si jambo dogo.

Tena, katika kazi hiyo ya 1985, karibu nusu ya matukio ya moyo kukosa damu yalitokea kabla mgonjwa hajalazwa, angali macho. Ndiyo maana aliyezoea vidonge vya kupunguza mapigo haambiwi aviache asubuhi ya upasuaji, na daktari wa usingizi mwenye busara humtembelea mgonjwa wake wodini jioni ya kuamkia siku hiyo.